Yule wa Kiwandani

Foleni ya unga ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikazunguka pembe ya msikiti, ikaishia penye kivuli cha ukuta wa posta. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa unga wa yanga, na watu wa Bagamoyo waliozoea wali wao wa nazi walikuwa wanajifunza kula ugali wa manjano na kusema alhamdulillahi. Kila mtu alikuja na kikapu chake na hasira zake.

Chausiku alikuwa ameomba ruhusa fupi kazini. Alikuwa opereta wa simu pale posta, msichana mrefu, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, buibui amelishusha mabegani kwa sababu ya joto. Mbele yake akajipenyeza kijana mmoja mwenye suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi na shati la maua lililofunguliwa vifungo viwili vya juu.

"Kaka, mwisho wa foleni uko kule," Chausiku alimwambia.

"Najua, dada. Ndiko nilikotoka. Hakupendezi."

"Na hapa panapendeza nini?"

"Hapa kuna mtu ananisemesha."

Wanawake wakacheka. Chausiku naye akabana midomo asicheke, akashindwa. Akatazama saa, akasonya; ruhusa yake ilikuwa inakwisha na foleni haijasogea hata hatua.

"Unafanya kazi wapi?" kijana akauliza.

"Hapo posta."

"Basi nenda. Niachie kikapu, nitakuchukulia zamu yako. Naitwa Kitwana, kwetu Kerege, na sijawahi kuiba unga wa mtu."

Sijui nini kilimpata Chausiku, maana huyu ni msichana aliyekuwa anahesabu chenji mara mbili hata kwa shangazi yake. Alimpa kikapu. Karibu na alasiri Kitwana alitokea kwenye dirisha la posta, jasho linamtiririka, unga umemchafua bugaluu yote, anacheka.

"Na kazini kwako hawakutafuti?" Chausiku akamuuliza.

"Mimi mhudumu wa hoteli ya watalii, Kunduchi. Leo ilikuwa zamu yangu. Saa hizi wameshanifukuza."

"Kwa ajili ya unga wangu?"

"Kwa ajili ya unga wako."

Chausiku aliona ni jambo tamu sana. Usiku ule alilala anatabasamu. Angekuwa na akili angeogopa, lakini nani anayekuwa na akili siku kama hiyo?

Kitwana hakuwa mvivu, msije mkamwonea. Alipokuwa kondakta wa basi la Bagamoyo, basi lile liling'aa mpaka matairi. Alipokuwa karani wa ghala la korosho, alifika kabla ya mwenye funguo. Kila kazi aliianza kama bwana harusi. Miezi ikipita, asubuhi moja aliamka moyo haupo. Mikono ipo, miguu ipo, moyo haupo, na yeye hakujua mtu anafanyaje kazi bila moyo. Alikuwa anaondoka, na kila alipoondoka aliamini kabisa kwamba kazi ya kweli, ile ya riziki yake, iko mahali fulani inamngoja.

Chausiku alikuwa mtu wa namna nyingine. Kila siku ya kazi alikaa mbele ya mtambo uleule wa simu, akachomeka nyaya zilezile kwenye matundu yaleyale. Alipochoka aliwapa nyuso watu asiowaona: huyu mwenye kikohozi ana tumbo kubwa, huyu anayenong'ona ana wake wawili. Siku ikaenda.

Baada ya Kunduchi Kitwana alibangaizabangaiza Dar es Salaam, halafu akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kusokota nyuzi. Mkabala na lango la kiwanda palikuwa na duka la Mhindi lenye simu. Kila siku saa sita, king'ora cha kiwanda kikilia, simu ya Bagamoyo nayo ililia. Opereta wa Dar, Sikuzani, aliwajua na kazi yake ilikuwa kucheka.

"Haloo, Bagamoyo. Nambari gani?"

"Nambari siijui, bibie. Namtaka msichana mmoja mwenye sauti kama yako."

"Hapa hatuungi wasichana, tunaunga simu."

"Basi usiniunge. Niache hapahapa nilipo."

"Kitwana, watu wanangoja laini!"

"Waache wangoje, laazizi. Mimi nimengoja tangu nizaliwe."

Siku ya Sabasaba Chausiku alikwenda Dar na shangazi yake Tatu, ndugu wa marehemu baba yake, aliyemlea. Shangazi alipotekwa na banda la sufuria, Kitwana akamvuta Chausiku mpaka kwenye banda la kiwanda chao. Vitenge vilining'inia kutoka juu mpaka chini, vinanuka upya, watu wanavishikashika. Kitwana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakauka kama karatasi.

"Tazama hiki," alisema, akikunjua ncha ya kitenge cha buluu. "Uzi huu umepita hapa." Akamwonyesha vidole, vimechanikachanika. "Ukikatika, mimi ndiye ninayeufunga. Watu watavaa, watafunga ndoa navyo, hawatajua."

"Unaipenda kazi hii?"

"Hii ndiyo yenyewe, Chausiku. Nimefika. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, mjomba wangu Mohamedi atakuja kwenu kuleta posa. Mwambie shangazi yako."

Chausiku hakumwambia shangazi moja kwa moja, aibu haikumruhusu. Alimwambia tu kwamba kuna mtu, yule anayepiga simu, ni mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na wazee wake watakuja baada ya Idi. Shangazi Tatu akapiga kigelegele kidogo ndani ya kanga na hakuuliza jina. Mwari hatajishwi jina la mtu wake, ataumbuka.

Ramadhani ikaingia na joto lake. Ndani ya kiwanda mashine zililia mpaka mtu akasahau kama ana masikio, na pamba ikaelea hewani ikaganda kwenye midomo iliyokauka kwa funga. Upande wa kushoto wa Kitwana alisimama mzee mmoja mpole, wa siku nyingi. Mchana mmoja Kitwana alimgeukia, akaona macho ya mzee yamefumbwa. Amelala wima. Na mikono yake bado inafunga nyuzi, haikosei hata mmoja.

Kitwana alimtazama kwa muda mrefu. Zamu ilipokwisha alitundika aproni yake kwenye msumari na hakurudi tena.

Na simu aliendelea kupiga, saa sita ileile. Kwa hili mimi simsamehei, ingawa naelewa. Alimtumia salamu mjomba wake kule Kerege asubiri kidogo na posa, mpaka apate kazi nyingine. Kwa Chausiku hakusema neno.

Idi ikasaliwa. Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, wazee wenye kanzu na majoho waliingia nyumbani kwa kina Chausiku, wakapokewa sebuleni na baba yake mdogo, Mwinshehe. Chausiku alikuwa chumba cha ndani, kanga imemfunika mpaka puani. Alisikia kikohozi cha adabu, alisikia vikombe vya kahawa, alisikia mtu anamsifu kijana wao. Punde shangazi Tatu akapenua pazia, uso wote meno.

"Haya, mwari. Yule wa kiwandani kaleta wazee. Baba yako mdogo ananituma nikuulize, unasemaje?"

Chausiku aliinamisha kichwa. Hakusema kitu. Mwanamwali akiulizwa na akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Hivyo ndivyo alivyoulizwa mama yake, na bibi yake. Akanyamaza kwa furaha ambayo ilikuwa karibu kumpasua.

"Amenyamaza!" shangazi alitangaza, na vigelegele vikatoka. Sebuleni wazee wakainua mikono, wakasoma Fatiha.

Posta ilikuwa wazi Jumamosi nusu siku. Simu ilipolia saa sita Chausiku aliidaka.

"Haloo, bwana harusi!"

"Nani bwana harusi?" Kitwana alicheka.

"Usijitie hamnazo. Wazee wako wamekula halua yetu jana, wamekunywa kahawa yetu, wameondoka na jibu lao. Nimenyamaza, Kitwana. Nimekunyamazia!"

Kule kwake king'ora cha kiwanda kilikuwa kinalia.

"Wazee gani, Chausiku?"

"Wako."

"Mjomba Mohamedi yuko Kerege, anapalilia mihogo. Sijamtuma."

"Hujamtuma kwa nini?"

King'ora kikanyamaza. Kitwana akavuta pumzi. "Sina kazi. Niliacha kiwanda katikati ya Ramadhani."

"Mwongo. Si nimesikia king'ora?"

"Niko dukani kwa Mhindi, ng'ambo ya barabara. Nakuja hapa kila siku saa sita ili ukisikie."

Chausiku alichomoa waya. Alikaa na waya mkononi, taa za mtambo zinawaka mbele yake, watu wanaita, asijibu hata mmoja.

Nyumbani alimuuliza shangazi yake jina. Shangazi Tatu alimshangaa. "Dadi, mtoto wa Bi Dija wa mtaa wa nyuma. Fundi mashine pale kiwanda cha nguo. Si wewe uliyesema wa kiwandani?" Halafu alipouona uso wa mwanawe akakaa chini kwenye mkeka, pole pole. "Ole wangu. Kumbe kuna mwingine?"

Dadi hakuwa na ubaya wowote. Lau angekuwa nao ingekuwa afadhali. Alikuwa mtu wa maneno machache, kofia safi, aliyefanya kazi kiwandani tangu siku kilipofunguliwa, na kila alipokuja Bagamoyo alipita posta kuchukua barua za mama yake na kusema "ahsante, dada" bila kuinua macho. Kumbe alikuwa ameyainua siku moja, ikamtosha.

Shangazi Tatu alikwenda kwa nduguye Mwinshehe, akaeleza yote na kujilaumu. Mwinshehe alikuwa mtu wa mji, heshima yake ilikuwa ndiyo mali iliyobaki baada ya biashara ya marehemu baba yao kuanguka. Alizungusha tasbihi.

"Fatiha imesomwa mbele ya watu," alisema. "Lakini mtoto haozwi kwa makosa. Nitakwenda mwenyewe kwa Bi Dija, nitavua kofia, nitaomba radhi. Ila siendi mikono mitupu. Huyo kijana aje Ijumaa na mshenga wake, aje na kazi. Hata ya kuzoa taka, sijali. Aje aniambie, mzee, nafanya kazi mahali fulani."

Saa sita Chausiku alipiga mwenyewe dukani kwa Mhindi.

"Una mpaka Ijumaa," alisema. "Kitwana, nakuomba. Sijakuomba kitu tangu siku ile ya unga."

"Nitapata, mpenzi wangu. Wallahi nitapata."

Na alitafuta, mchana kutwa, kwa miguu. Kiwandani walimwambia aliyeacha mwenyewe harudishwi. Hotelini hawakumruhusu kupita getini. Bandarini waliandika majina na kuwaambia watu warudi mwezi ujao. Kwenye mabasi walicheka, walimkumbuka. Alhamisi asubuhi, kwenye mashamba ya chumvi nje kidogo ya Bagamoyo, msimamizi alimtazama mikono na kumpa reki.

Chausiku alimwendea wakati wa mapumziko ya mchana na chapati ndani ya kitambaa. Kitwana alikuwa amesimama ndani ya maji ya chumvi, suruali imekunjwa magotini, miguu imeanza kupasuka. Alipomwona alitupa reki akaja mbio.

"Nimekusamehe kidogo tu," Chausiku alisema, machozi na kicheko vimechanganyika. "Usijione."

"Kidogo kinanitosha. Njoo uone! Maji yale pale yakikauka, chumvi inaota yenyewe, nyeupe. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Ningekuja hapa zamani!"

Alimwonyesha kila kitu, macho yanang'aa. Chausiku alimtazama macho yale. Aliyajua. Alikwisha kuyaona siku ya Sabasaba, juu ya kitenge cha buluu, na kwa mara ya kwanza yalimtia hofu. Alimlisha chapati kwa mkono wake.

Ijumaa walikuja wawili, Mjomba Mohamedi na Kitwana. Njiani mjomba alikuwa amemfundisha: "Wakikuuliza habari za kiwanda, sema kifua. Vumbi la pamba. Nani atabisha?" Kitwana aliitikia. Alikuwa na kanzu ya kuazima iliyomfupia, na viganja vyake vilikuwa vyekundu.

Safari hii Chausiku hakukaa chumba cha ndani. Alisimama nyuma kabisa ya pazia, karibu asikie pumzi za watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya kazi?"

"Nafanya, mzee. Chumvini."

"Mashaallah. Kiwandani ulitokaje?"

Mjomba Mohamedi akakohoa, kifua kabisa, ili kumkumbusha. Kitwana alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amemdanganya msichana kwa king'ora. Hakutaka kumdanganya na mzee wake.

"Nilichoka, mzee."

Mwinshehe akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakukasirika. Jibu lile lilimpendeza kuliko alivyotarajia. "Ahsante kwa kusema kweli. Kazi zinachosha, sisi sote tunajua. Sasa niambie, na hii ya chumvi utaifanya mpaka lini?"

Swali lilikuwa jepesi. Mzee wa watu alikuwa ameufungua mlango wote, alitaka neno moja tu la kwenda nalo kwa Bi Dija. Kitwana akainua uso uliojaa imani, akatabasamu, akajibu kwa moyo wake wote:

"Mpaka nipate nyingine, mzee."

Mjomba Mohamedi akafumba macho. Mwinshehe alimmiminia kijana kahawa, akamsogezea halua. Kitwana alishukuru. Hakujua alichokisema. Kwake yeye lilikuwa jibu la mtu mwenye juhudi, mtu asiyekubali kubaki chini.

Nyuma ya pazia Chausiku aliishika kanga yake kwa mikono miwili. Alimpenda. Alimpenda kuliko dakika yoyote iliyopita, na alichoka mpaka kwenye mifupa. Aliyaona maisha yake yote pale: kila msimu kazi mpya, kila kazi mpya macho yale, na asubuhi fulani aproni msumarini.

Shangazi Tatu akaingia. Safari hii alimshika mikono, akanong'ona jina kamili asikosee tena. "Kitwana wa Kerege. Wamtaka? Ukinyamaza tu, mwanangu, baba yako mdogo anakwenda kuomba radhi leo hii. Nyamaza tu."

Chausiku alijaribu kunyamaza. Mungu anajua alijaribu.

"Fatiha imeshasomwa, shangazi," alisema.

Shangazi Tatu hakutoka mara moja. Alimfuta uso kwanza kwa ncha ya kanga yake, na yeye mwenyewe akajifuta.

Harusi ilikuwa na ngoma na watu wengi. Dadi alipata nyumba Magomeni, ikapangwa kwamba baada ya muda mfupi mkewe amfuate. Alimtafutia nafasi ya opereta kule Dar, hakufanikiwa, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Ikabidi Chausiku aache kazi, yeye ambaye hakuwahi kuacha hata zamu moja.

Siku yake ya mwisho posta alimkalisha pembeni msichana mpya, anamwonyesha nyaya. Taa ya mashamba ya chumvi ikawaka.

"Haloo, Bagamoyo. Nambari gani?"

"Chausiku."

Alimwashiria msichana mpya akanywe maji. "Kitwana. Unapigia wapi?"

"Ofisini, chumvini. Msimamizi kanituma niulize magunia Dar."

"Bado uko huko?"

"Niko."

"Nilidhani umeshaacha."

"Niache niende wapi?" Sauti yake ilikuwa tulivu, haikuwa na mchezo wowote ndani yake. "Zamani nilipoacha kazi nilikuwa natafuta ile ya kukuolea wewe. Kazi ambayo baba yako mdogo angeisikia akasimama kunipokea. Sasa hata hii inanitosha. Wanasema msimu ujao wanipe usimamizi."

"Unaipenda?"

"Hapana. Naamka, nakwenda, narudi. Kumbe inawezekana. Hakuna aliyenifundisha."

Chausiku alifunika mdomo kwa kiganja mpaka alipoweza kusema. "Ungemwambia hivi baba mdogo siku ile. Ungesema nitakaa tu."

"Siku ile nilikuwa na wewe, Chausiku. Ningekaaje?"

Mlangoni msichana mpya alikuwa amerudi, anafuta midomo, anamtazama. Chausiku akakaa wima kwenye kiti chake.

"Nambari gani, Kitwana?"

Akaitaja. Chausiku akachomeka waya, akangoja mpaka akasikia upande wa Dar wameinua, akamsikia Kitwana anaanza kuulizia magunia kwa sauti ya mfanyakazi yeyote. Akavua chombo cha masikioni, akampisha msichana mpya akae.